Mchoraji Aliyeona Rangi Katika Nchi Kame

Wakenya wengi wakitajiwa Garissa huona akilini mwao vumbi, jua kali na ardhi tupu. Nakiri kwamba hata mimi nilikua na picha hiyo. Iliyonizindua ni kazi ndogo niliyowapa wanafunzi wangu wa isimu: kila mmoja apige, kwa simu yake, picha kumi za vitu vya kawaida vya kwao, kisha aeleze kwa Kiswahili rangi ya kila kitu na jinsi uso wake ulivyo. Binti mmoja wa Garissa alileta gome la mgunga, tope la Mto Tana lililokauka likapasuka vipande vipande, miiba myeupe mirefu, na ua la waridi lililochanua juu ya shina nono lisilo na jani hata moja. Nilizitazama picha zile kwa muda mrefu. Zilinikumbusha mtu aliyepita huko miaka mingi kabla ya binti yule kuzaliwa, akiwa na brashi badala ya simu.

Mtu huyo ni Joy Adamson. Jina lake tumelifunga pamoja na la simba jike Elsa, hata tumesahau kwamba kabla ya simba kulikuwa na maua.

Alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa chini ya himaya ya Austria na Hungaria na ambao leo ni Opava, katika Jamhuri ya Cheki. Alibatizwa Friederike Victoria Gessner. Alifika Kenya mwaka 1937, na mwaka uliofuata akaolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi aliyefanya kazi katika makumbusho ya Nairobi. Bally ndiye aliyempa jina la Joy, na ndiye aliyemhimiza kuchora mimea ambayo yeye alikuwa akiikusanya. Kamera za kawaida za zama hizo zilitoa picha nyeusi na nyeupe tu. Aliyetaka kuhifadhi wekundu wa petali au ukijivu wa jani lenye manyoya hakuwa na chombo bora kuliko jicho, mkono na rangi za maji. Joy alichora mamia ya mimea, na mwaka 1947 jumuiya ya kifalme ya kilimo cha bustani ya Uingereza ilimtunuku nishani ya dhahabu kwa kazi hiyo.

Garissa iliingia katika maisha yake wakati wa Krismasi ya mwaka 1942. Alisafiri huko pamoja na Bally, na huko akakutana na George Adamson, bwana nyama wa ile iliyoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Ndoa yake na Bally ilivunjika, akaolewa na George mwaka 1944. Tangu hapo nchi ambayo maofisa wengi wa kikoloni waliiona kuwa adhabu ikawa makao yake. Alisafiri na George kwa ngamia na kwa gari, akichora alichokiona njiani. Baadaye serikali ya kikoloni ilimwajiri achore watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya jadi, naye akatoa picha za aina hiyo zaidi ya 500. Nyingi zimehifadhiwa na Makumbusho ya Taifa.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1956 George alimuua simba jike aliyemshambulia, akagundua kwamba ameacha watoto watatu. Mdogo wao alikuwa Elsa. Kitabu cha Joy juu yake kilitoka mwaka 1960 kikaenea ulimwenguni. Joy aliuawa katika hifadhi ya Shaba tarehe 3 Januari 1980. Mwanzo ilidhaniwa kuwa ni kazi ya simba. Uchunguzi ukaonyesha kwamba ni mkono wa binadamu. George naye aliuawa na majambazi huko Kora mwaka 1989.

Simwandiki ili nimtukuze. Alikuwa mtu wa hasira, na alitazama Afrika kwa macho ya zama zake. Tena kuna pengo katika kazi ya aina yake linalonihusu mimi kama mwanaisimu. Kwa desturi ya wanabotania, ua hutambulishwa kwa jina la Kilatini. Lakini mgunga ule ule Msomali anauita qurac, na Mborana anauita dhadacha. Majina hayo yamebeba ujuzi wa vizazi: kivuli chake, maganda yake, mbuzi wanaoyala.

Kiswahili chenyewe kinatufunza jambo hapa. Rangi zetu zenye vivumishi halisi, vinavyofuata ngeli, ni tatu tu: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyingine tumezichukua kutoka kwa vitu: kijivu ni jivu, kijani ni jani, manjano ni kiungo cha jikoni, kahawia ni kahawa. Lugha yetu inadai tukitazame kitu kwanza ndipo tuitaje rangi. Asiyetazama hana neno.

Na asiye na neno hutawala vibaya. Waraka Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kule ambako mazao yangepatikana kwa wingi na upesi, na Kaskazini Mashariki ikabaki nyuma kwa miongo mingi. Nchi ikishaitwa tupu, ni rahisi kuinyima barabara, shule na maji.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa Garissa, Wajir na Mandera. Watumeni wanafunzi nje na simu zao. Wapige picha ya kila mti, jiwe na ua, kisha wawaulize wazee jina lake kwa Kisomali, Kiorma, Kiborana au Kimunyoyaya, waliandike chini ya picha pamoja na la Kiswahili. Joy Adamson alituachia rangi. Majina wanayo wazee, nao hawatakuwapo daima.