Mwalimu aliyeachia viti vitatu

Kijana wa Ludewa akirudi nyumbani Krismasi kutoka Makambako au Dar es Salaam, swali la kwanza ni kazi. La pili ni kama amejenga. Sisi mafrateri nasi tumo katika hesabu hiyo, maana kuna nyumba ambako kanzu ya mtoto hutajwa kama wengine wanavyotaja gari. Tukiwa katika mawazo hayo tumeona vema kumsimulia Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Wengi wetu tulizaliwa baada ya kifo chake, tunamjua kwa picha iliyotundikwa ofisini na kwa mapumziko ya tarehe 14 Oktoba.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki na mama Mugaya Nyang'ombe. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12, kisha akasoma Tabora na Makerere. Ubatizo aliupokea Desemba 1943, akiwa mtu mzima anayejua anachochagua. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, akarudi na shahada mwaka 1952, wakati ambapo Watanganyika wa namna hiyo walihesabika kwa vidole. Akamwoa Maria Gabriel mwaka 1953, akawa mwalimu wa historia katika Shule ya Mtakatifu Fransisko, Pugu.

Kwa vipimo vyetu vya mtaani, habari ingeishia hapo na sherehe ikafanyika. Lakini tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa yeye akiwa rais wake, na Machi 1955 alikwenda New York kuitetea Tanganyika mbele ya Umoja wa Mataifa. Aliporudi ilimbidi achague ualimu au siasa. Akaacha ualimu, na mshahara pamoja nao.

Tunalotaka kulitazama kwa utulivu ni alichofanya baadaye. Alirudi kwao, akakaa miezi kadhaa katika nchi ya Musoma. Huko alimfundisha Kizanaki padre mmoja wa shirika la Maryknoll, na wakasaidiana kutafsiri masomo ya Misa. Hebu fikiri: msomi wa Ulaya, mwenye familia changa, amerudi kijijini bila ajira, anafundisha lugha ya mama yake. Leo angeitwa aliyeshindwa maisha. Pengine hata wakati ule wapo waliomwita hivyo.

Mara ya pili inashangaza zaidi. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961, na Januari 1962, wiki sita tu baadaye, alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa. Akaenda mikoani kukaa na wanachama na kukijenga chama upya. Mwishoni mwa mwaka huo alirudi Ikulu akiwa Rais. Mwaka 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, aliwarudisha makwao na kujikata mwenyewe asilimia 20 ya mshahara. Mwaka uliofuata, Azimio la Arusha likawakataza viongozi kupangisha nyumba na kupokea mishahara miwili.

Shida inaanzia pale alipotaka undugu huo uwe wa nchi nzima. Jirani na sisi, huko Litowa upande wa Songea, watu walikwisha kuanza kuishi na kulima pamoja kwa hiari yao, na Mwalimu alivutiwa sana nao. Hata hivyo umoja wao wa vijiji ulivunjwa na chama tawala mwaka 1969, bila yeye kuuokoa. Mwaka 1973 likatoka agizo kwamba hadi mwisho wa 1976 kila mtu wa vijijini awe anaishi katika kijiji. Watu walihamishwa, wengine kwa nguvu, wakiacha mashamba na makaburi ya wazee wao. Mkoa wa Iringa, ambao Ludewa ilikuwa sehemu yake, haukusalimika. Hatuoni sababu ya kulificha hili kwa kuwa leo anaitwa Mtumishi wa Mungu na mchakato wake ulifunguliwa katika Jimbo la Musoma mwaka 2005. Jirani uliyepewa na lori la serikali unaweza kuishi naye miaka mingi bila kumwazima jembe. Mtu aliyejua kurudi kwa watu mwenyewe, hapa alijaribu kuwaagiza watu warudiane.

Mwaka 1985 aliachia urais, maduka yakiwa hayana sabuni wala sukari. Akarudi Butiama. Alilima, alicheza bao na wazee, aliendelea na Misa ya asubuhi aliyoizoea tangu zamani. Na katika miaka hiyo alizitia Injili nne na Matendo ya Mitume katika tenzi za Kiswahili, zikachapishwa mwaka 1996 na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho. Kazi ile ya 1955, kuliweka Neno katika lugha ya jirani, aliirudia akiwa mzee, safari hii kwa lugha ya wote.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akiwa bado msuluhishi wa mgogoro wa Burundi. Amezikwa Butiama, nyumbani, karibu na wazazi wake.