Dk Williamson wa Mwadui: Mchimbaji aliyewagomea wanunuzi wa London

UKISAFIRI kati ya Shinyanga na Mwanza utapita katika nchi tambarare ya pamba, mtama na ng'ombe, ambayo kwa macho haina dalili yoyote ya utajiri. Hata hivyo, ni katika nchi hiyo, mahali paitwapo Mwadui, wilayani Kishapu, ndipo Dk John Thoburn Williamson alipogundua mgodi wa almasi mwezi Machi 1940.

Zipo simulizi nyingi kuhusu siku hiyo. Wengine husema gari lake lilinasa kwenye tope, wengine hutaja mbuyu. Simulizi hizo zinapendeza, lakini zinaficha miaka ya kuchimba mashimo ya majaribio na kuchekecha mchanga.

Williamson alizaliwa Februari 10, 1907 huko Montfort, jimbo la Quebec, nchini Kanada. Alisoma elimu ya miamba katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1933. Baadaye alifanya kazi Afrika Kusini na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, kisha akaja Tanganyika kuajiriwa katika mgodi mdogo wa almasi wa Mabuki, kusini mwa Mwanza. Wenye mgodi walipokata tamaa na kutaka kuondoka, yeye alichukua haki zao za kutafuta madini, akaendelea kwa gharama zake mwenyewe.

Alijua anachokitafuta. Almasi ni kaboni, asili moja na mkaa wa jikoni, iliyobanwa na kuchemshwa kwa joto kali zaidi ya kilometa 150 chini ya ardhi. Volkano ndiyo iliyoirusha juu kupitia shingo nyembamba, na mabaki ya shingo hiyo ni mwamba uitwao kimbalaiti. Anayeokota jiwe kwenye kijito amepata jiwe moja tu, lakini anayeipata shingo yenyewe amepata mgodi. Almasi chache zilizookotwa hapa na pale Usukuma zilimwambia Williamson kwamba ipo shingo nyingine ambayo hakuna aliyeiona.

Tatizo lilikuwa fedha, na malaria iliyomlaza mara kwa mara. Aliyemnusuru ni I.C. Chopra, wakili mwenye asili ya India aliyekuwa akifanya kazi Mwanza, ambaye alimpa fedha na kumsimamia katika mambo ya sheria. Chopra alipata hisa katika kampuni ya Williamson Diamonds. Wenye maduka wanaokopesha kwa daftari wangefaa kuitazama habari hii kwa makini. Deni la kawaida lingemrudishia Chopra alichotoa na faida kidogo, lakini hisa zilimfanya kuwa tajiri mkubwa.

Eneo alilogundua Williamson lina ukubwa wa hekta 146 juu ya ardhi, yaani kama eka 360, na ni miongoni mwa shingo kubwa kabisa za kimbalaiti zilizowahi kuchimbwa duniani. Ukubwa huo usimdanganye mtu. Katika miaka ya karibuni, tani 100 za mwamba wa Mwadui zimekuwa zikitoa karati sita au saba hivi. Karati moja ni sehemu ya tano ya gramu. Maana yake malori kumi ya tani kumi kumi yanasagwa na kuoshwa ili kupata jiwe lisilofika uzito wa gramu mbili. Hakuna mkulima ambaye angevumilia mavuno ya namna hiyo, na mgodi nao huyavumilia kwa sababu moja tu, nayo ni bei.

Vita Kuu ya Pili vilikuwa vikiendelea. Mitambo ilikuwa adimu, kwa hiyo kazi ilianza kwa vifaa vya kuungaunga. Lakini vita hivyo hivyo viliongeza mahitaji ya almasi za viwandani, zile zisizofaa kwa pete, kwa ajili ya kukatia vyuma. Baada ya muda Mwadui ikawa mji uliozungushiwa uzio, wenye umeme, hospitali, shule na uwanja wa ndege.

Oktoba 1947 lilipatikana jiwe la rangi ya waridi lenye karati 54.5. Uzito wake ni kama gramu 11, pungufu ya vijiko vitatu vya chai vya sukari. Williamson alimpa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kuwa zawadi ya harusi yake ya Novemba mwaka huo. Lilipokatwa na kung'arishwa jijini London lilibaki karati 23.6, na mwaka 1953 likawekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Zaidi ya nusu ya jiwe iliishia kwenye vumbi la fundi, na thamani yake ikazidi kupanda.

Zawadi hiyo ndiyo inayokumbukwa na wengi. Kwa mfanyabiashara, jambo kubwa zaidi ni ugomvi wake na De Beers.

Wakati huo kampuni hiyo, chini ya Sir Ernest Oppenheimer, ilikuwa ikinunua sehemu kubwa ya almasi za dunia na kuziuza London kidogo kidogo. Bei ya almasi ilisimama juu kwa sababu kulikuwa na mlango mmoja, na mwenye mlango alimpangia kila mchimbaji kiasi cha kuleta. Williamson aliona mgao wake ni mdogo na mawe yake yanathaminiwa chini ya haki yake. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alisitisha kupeleka mzigo, akaendelea kuchimba na kufungia almasi kwenye sefu.

Aliweza kufanya hivyo kwa sababu ya asili ya mali yake. Almasi haiozi, haifukuzwi na mvua, na mzigo wa mwaka mzima hautaki ghala kubwa. Mwenye nyanya sokoni hana silaha hiyo. Aidha, wanunuzi walimwogopa: kama almasi za Mwadui zingemwagwa sokoni bila mpangilio, bei ya dunia nzima ingetikisika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walifikia makubaliano mapya na mauzo yakaendelea.

Miaka hiyo hiyo, majirani zake wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walikuwa wakilalamikia mizani ya wanunuzi. Mmoja peke yake hakuwa na sefu ya kufungia pamba, hivyo waliungana chini ya viongozi kama Paul Bomani, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika lililojulikana kama VFCU.

Williamson hakuoa wala hakuacha mtoto. Saratani ya koo ilimuua Mwadui Januari 8, 1958 akiwa na umri wa miaka 50, na alizikwa huko huko. Mali iliangukia mikononi mwa ndugu zake, na kabla mwaka huo haujaisha mgodi ulikuwa umeuzwa kwa De Beers na Serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Msimamo wa kuwakatalia wanunuzi ulikuwa wa mtu mmoja, na haukuwa na mrithi.

Mgodi umebadilisha wamiliki mara kadhaa tangu hapo, lakini mawe ya waridi hayajaisha. Mwaka 2021 almasi ghafi ya Mwadui yenye karati 32 iliuzwa kwa dola za Marekani milioni 13.8, huku muuzaji akibakiza haki ya nusu ya faida itakayopatikana baada ya kukatwa. Oktoba 2022, ikiwa imekatwa na kubaki karati 11.15, ilinadiwa Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 57, ikiitwa kwa jina la Williamson.