Mkono wa Livingstone na somo la viungo vyetu

Ukifika Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, utaliona tembe alimoishi Dk David Livingstone mwaka 1872. Wengi wanamjua kama msafiri. Wachache wanajua kwamba alipita njia ya misafara akiwa na mkono wa kushoto mbovu.

Alizaliwa Scotland mwaka 1813, akasomea udaktari, kisha akaenda kusini mwa Afrika kama mmisionari. Mwaka 1844, huko Mabotsa, simba alimrukia na kuuponda mfupa wa juu wa mkono huo. Enzi hizo hapakuwa na eksirei wala vyuma vya kuunga mifupa. Vipande havikushikana, na palipovunjika pakabaki panacheza. Madaktari hukiita kiungo cha uongo.

Akiwa na mkono huo alikutana na Stanley Ujiji mwaka 1871, kisha akakaa Kwihara akisubiri wapagazi hadi Agosti 1872. Alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Chuma, Susi na wenzao waliukausha mwili wake, wakaubeba kupitia Tabora na kufika Bagamoyo Februari 1874. Ulipofikishwa London, daktari wa upasuaji William Fergusson aliutambua kwa mfupa ule ule, ambao kwa miaka 30 haukuwa umeunga.

Msomaji, kiungo cha kweli kina gegedu laini linalofunika ncha za mifupa ili zisisagane. Mfupa una mishipa ya damu, hivyo ukiwekwa sawa na kutulizwa, mara nyingi huunga. Gegedu halina mishipa hiyo. Likiharibika gotini, haliponi lenyewe ipasavyo.

Njia mojawapo ya upasuaji ni kutoboa vitundu vidogo kwenye mfupa ulio chini ya gegedu lililoharibika. Damu na uboho hutoka, huganda, na kiraka huota. Tatizo ni kwamba kiraka hicho si imara kama gegedu la asili. Ndiyo maana watafiti wanajaribu kukiimarisha kwa sindano ndani ya kiungo: asidi ya hayaluroniki, ambayo imo katika ute wa kawaida wa kiungo, au chembe sahani za damu ya mgonjwa mwenyewe. Matokeo ya tafiti yanatofautiana, kwa hiyo sindano hizi si tiba ya kila goti.

Ukivunjika au kuteguka, usikubali kuvutwavutwa; nenda hospitali upigwe picha. Goti likivimba, likikwama au kulegea baada ya kuumia, usingoje lizoee. Ukishauriwa sindano ya kiungo, uliza ni dawa gani na inafanya nini. Ipo inayopunguza maumivu na uvimbe kwa muda tu, bila kurudisha gegedu. Maumivu yakitulia, usidhani umepona ukaanza tena kubeba magunia; rudi kwa daktari uchunguzwe kwanza.