Aliyetunga wimbo wa jua akiwa gizani

JUMAMOSI jioni, ngurumo za viwanda vya Baba Dogo zinapotulia, huja zamu ya kwaya. Waimbaji hukusanyika kufanyia mazoezi nyimbo za kesho, na aghalabu haukosi humo wimbo wa kusifu jua, mvua, milima na ndege wa angani. Anayetoka nje baadaye hupokewa na moshi wa magari, na mto usio mbali ambao maji yake yalikwisha kuwa meusi. Mtu anaweza kujiuliza nyimbo hizo zasifu uzuri upi.

Huenda angefaa kuulizwa Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ambaye aliutunga wimbo mashuhuri zaidi wa aina hiyo siku ambazo hakuweza kulitazama jua lenyewe.

Alizaliwa mwaka wa 1181 au 1182 mjini Assisi, Italia. Babake, Pietro di Bernardone, alikuwa mfanyabiashara tajiri wa vitambaa, na kijana alikulia katika karamu, mavazi ya fahari na nyimbo za mapenzi za Kifaransa. Mwaka wa 1202 alitekwa katika vita baina ya Assisi na Perugia, akafungwa takriban mwaka mmoja, kisha akaugua. Waandishi wa kale wanasimulia kwamba alipopata nafuu alitoka kuyatazama mashamba na mizabibu, akashangaa kuona havimfurahishi tena. Yafaa kulikumbuka jambo hilo, kwani wengi humdhania kuwa mtu aliyezaliwa akicheka na ndege.

Furaha ilimrudia baada ya kupoteza kila kitu. Mwaka wa 1206, mbele ya Askofu Guido, alivua nguo zote alizonunuliwa na babake, akamrudishia. Muda mfupi baadaye alikuwa akipita msituni akiimba kwa Kifaransa, wanyang'anyi wakamvamia na kumtupa katika shimo lililojaa theluji. Alitoka, akajikung'uta, akaendelea kuimba. Inasimuliwa pia kwamba nyakati nyingine aliokota kijiti, akakilaza mkononi na kukipitishia kijiti kingine juu yake mithili ya mpiga zeze, akamwimbia Mungu hadi machozi yakamtoka.

Papa Innocent wa Tatu aliukubali mwenendo wa maisha wa ndugu zake mnamo 1209. Mwaka wa 1219 alisafiri hadi Misri, akakutana na Sultani al-Kamil wakati wa vita vya msalaba. Aliporejea alikuwa na maradhi ya macho.

Kufikia 1225 hali yake ilikuwa mbaya. Alilala katika kibanda penye San Damiano, mwanga wa mchana na wa moto ukimchoma macho, panya wakimpitia usiku. Humo ndimo alimotunga Wimbo wa Viumbe, kwa lugha ya kawaida ya watu wa Umbria badala ya Kilatini. Jua na upepo aliwaita kaka. Mwezi na maji aliwaita dada. (Kiswahili kina neno ndugu linalowatosha wote, na Baba Dogo yenyewe ni mtaa wenye jina la kiukoo.) Kusifu viumbe hakukuanza naye: Zaburi ya 148 na wimbo wa vijana watatu ndani ya tanuri, katika Kitabu cha Danieli, vilimtangulia. Aliutungia pia lahani, lakini imepotea. Katika hati ya kale iliyohifadhiwa Assisi, nafasi ya noti iliachwa wazi.

Wimbo huo ulipewa kazi mapema. Askofu Guido na mkuu wa mji walikuwa wamekosana: mmoja amemtenga mwenziwe na Kanisa, mwenziwe amepiga marufuku watu kufanya biashara naye. Fransisko, akiwa hawezi hata kusimama, aliongeza ubeti kuhusu wanaosamehe, akawatuma ndugu zake wauimbe mbele ya mahasimu hao katika ua wa askofu. Mkuu wa mji alisimama, akasikiliza akilia, wakapatana. Ile Sala ya Amani inayoimbwa sana kwa jina lake si yake. Ilichapishwa mara ya kwanza Paris mwaka wa 1912, bila jina la mtunzi.

Ubeti wa mwisho, unaokiita kifo dada, aliuongeza alipojua kwamba hatapona. Alifariki jioni ya Jumamosi, Oktoba 3, 1226, akiwa na umri wa miaka 44 hivi, baada ya kuomba alazwe uchi juu ya ardhi tupu. Papa Gregory wa Tisa alimtangaza mtakatifu mwaka wa 1228. Maneno yanayorudiwarudiwa katika wimbo wake ndiyo yaliyoupa jina waraka wa Papa Francis kuhusu mazingira wa 2015. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, papa huyo alizuru Nairobi na kuhutubu Gigiri.

Wasimulizi wa kale wanaongeza kwamba usiku ulipokuwa ukiingia, kundi la vipozamataza, ndege wapendao mwanga, lilizunguka juu ya paa la nyumba alimolala maiti, likiimba kwa muda mrefu.