Snorri Sturluson, Mtunzaji wa Nyundo ya Thor

Kila Alhamisi tunapoandika tarehe kwenye madaftari yetu ya Kiingereza, huwa tunalitaja jina la mungu mmoja wa kale wa Ulaya ya Kaskazini bila kujua. Huyo ni Thor, mwenye nyundo ambayo akishairusha humrudia mkononi yenyewe. Mengi tunayoyajua leo juu ya nyundo hiyo yametoka kwa mtu mmoja wa Iceland aitwaye Snorri Sturluson, aliyezaliwa mwaka wa 1179 huko Hvammur. Nimeona heri niwasimulie habari za huyu bwana, maana maisha yake yana vituko si haba.

Baba yake, Sturla, alikuwa chifu mgomvi kweli kweli. Siku moja katika kesi ya urithi, mke wa kasisi alimrukia kwa kisu, eti amtoboe jicho apate kufanana na Odin, mkuu wa miungu ya kale, ambaye alikuwa chongo. Kisu kilimpata shavuni. Sturla akadai fidia ya kutisha. Ndipo Jón Loftsson, mzee aliyeheshimika kuliko wote nchini na mjukuu wa mfalme wa Norwei, alipoingia kati kuwapatanisha. Ili kumtuliza Sturla, alijitolea kumlea mwanawe. Basi Snorri, mtoto wa miaka mitatu hivi, akapelekwa Oddi, na hakurudi kuishi kwao tena. Lakini Oddi palikuwa mahali pa elimu, na huko ndiko alikojifunza sheria, historia na mashairi ya wazee.

Sitaki kumpamba. Snorri alipenda mali mno. Mwaka wa 1199 alimwoa Herdís, binti wa tajiri, na baba mkwe alipofariki akapata shamba kubwa la Borg. Haukupita muda akamwacha mkewe huko, akahamia Reykholt, akajenga boma na birika la kuogea la maji ya moto yatokayo ardhini. Birika hilo lipo hadi leo. Mwaka wa 1215 alichaguliwa kuwa msemaji wa sheria katika baraza kuu la nchi, Althing, cheo ambacho alikuja kukishika mara ya pili baadaye.

Mwaka wa 1218 alifunga safari kwenda Norwei. Mfalme Hákon alikuwa kijana wa miaka 14 tu, na mwenye nguvu hasa alikuwa Jarl Skúli. Snorri akapendwa, akapewa cheo, meli na zawadi tele. Naye akaahidi kuwashawishi watu wake wa Iceland wakubali kutawaliwa na mfalme. Akarudi kwao mwaka wa 1220, na jamani, ahadi hiyo hakuifanyia kazi ya maana.

Kazi aliyoifanya ni nyingine kabisa. Iceland ilikuwa imepokea Ukristo tangu mwaka wa 1000 hivi, na visa vya miungu vilikuwa vikififia. Sasa, washairi wa kwao walikuwa na mtindo wa kutaja kitu kwa mafumbo. Dhahabu, mathalani, waliiita nywele za Sif, mkewe Thor. Kijana asiyejua kisa cha Sif kunyolewa na Loki angeelewaje? Ushairi wote ungekufa. Snorri akaandika kitabu cha kuwafunza washairi, kiitwacho Edda. Na kwa kuwa kuandika habari za miungu ya kipagani mbele ya makasisi si mchezo, alitanguliza maelezo kwamba hao hawakuwa miungu, bali watu mashuhuri waliotoka Troy!

Hebu tuonje kidogo. Loki aliweka kichwa chake rehani kwamba mbilikimo fulani hawawezi kufua vitu vya ajabu kama vile wenzao walivyokwisha kufua. Walipokuwa wakiifua nyundo, nzi akamuuma kwenye kope yule aliyekuwa akivuta mvukuto. Damu ikamwingia jichoni, akaacha kazi kidogo tu ajipanguse. Ndiyo sababu nyundo ya Thor ina mpini mfupi. Hata hivyo Loki alishindwa. Walipokuja kumkata kichwa, akadai kwamba shingo haikuwemo katika mapatano. Wakaamua kumshona mdomo.

Kisha yuko Fenrir, mbwa-mwitu aliyekata kila mnyororo. Alifungwa mwishowe kwa utepe mwembamba kama hariri, uliotengenezwa kwa vitu sita: mshindo wa nyayo za paka, ndevu za mwanamke, mizizi ya mlima, mishipa ya dubu, pumzi ya samaki na mate ya ndege. Kwa hiyo paka akitembea husikii kitu, vilishatumika! Naye Baldr, mwana wa Odin, hakudhurika kwa lolote ila kimmea kimoja kidogo. Hapo mwanachama yeyote wa chama chetu atamkumbuka Fumo Liyongo na ile sindano ya shaba kitovuni.

Ila mfalme hakusahau ahadi. Snorri alikwenda tena Norwei mwaka wa 1237, na mwaka wa 1239 akarudi nyumbani ingawa mfalme alikuwa amemkataza. Skúli, rafiki yake, akaasi na kuuawa mwaka wa 1240. Hákon akamwandikia Gissur Þorvaldsson, aliyewahi kuwa mkwe wa Snorri, amlete mzee huyo Norwei au amuue. Mwaka huohuo wa 1241 Snorri alikuwa amefiwa na mwandani wake Hallveig, na watoto wa kambo wakagombana naye juu ya urithi. Mmoja wao alijiunga na Gissur.

Usiku mmoja wa Septemba watu kama 70 waliivamia Reykholt. Snorri, sasa mzee wa miaka 62 hivi, akakimbilia chumba cha chini ya nyumba. Watu watano wakamfuata humo gizani. Aliwaomba wasimpige, lakini wakamuua.

Mwaka wa 1262 watu wa Iceland walianza kula kiapo cha utii kwa mfalme yuleyule Hákon.