Herman Hollerith, mwenye alifundisha fishi kuhesabu

Siku hizi mama wa butiki huko Goma ao Bukavu anaweza kupokea kwenye telefone fomu yenye inamuuliza: anauza nini, ana wafanyakazi wangapi, anaingiza franga ngapi kwa mwezi. Fomu moja anaimaliza kwa dakika tano. Nyingine inamchokesha, anaandika jambo lolote ili tu atoke. Na lile jambo lolote ndilo linaenda kuitwa hesabu ya biashara ya mji. Shida hii ni ya zamani kuliko ordinatere. Mtu mmoja wa Marekani aliihangaikia maisha yake yote: Herman Hollerith.

Alizaliwa tarehe 29 Februari 1860 katika mji wa Buffalo, na wazazi wake walikuwa wametoka Ujerumani. Mwaka wa 1879 alimaliza masomo ya uinjinia wa migodi kwenye chuo cha Columbia, New York. Kisha akaingia kwenye biro ya kuhesabu wakaaji, wakati wa sensa ya 1880. Kule aliona mateso ya makarani. Walisoma karatasi moja moja, wakachora alama kwa mkono. Wakuu wakiuliza swali lingine, kazi inaanza tena tangu mwanzo. Ilichukua karibu miaka 8 kumaliza, na Marekani inahesabu watu wake kila miaka 10. Watu walikuwa wanaongezeka, basi sensa moja ingekuja kukuta ile ya mbele bado iko mezani.

Daktari John Shaw Billings, mwenye alisimamia hesabu za vifo na magonjwa, alimwambia kwamba mashini ingepaswa kufanya kazi hiyo. Hollerith alilishika neno hilo. Wazo la namna ya kuifanya lilimjia ndani ya treni. Kwenye reli fulani, mkagua tiketi alitoboa matundu pembeni ya tiketi ili kuonyesha sura ya msafiri: nywele za rangi gani, macho namna gani, pua kubwa ao ndogo. Vile, mwingine hangeweza kutumia tiketi ile. Hollerith akaona kwamba tundu ni jibu. Kama kila jibu lina mahali pake, mashini inaweza kulisoma.

Alijaribu kwanza na hesabu za vifo za mji wa Baltimore. Alitumia koleo ya mkagua tiketi, akatoboa fishi nyingi kila siku mpaka mkono ukamuuma. Tena koleo ile ilifika pembeni tu. Katikati ya fishi palibaki bure. Kwa hiyo akatengeneza chombo kingine. Karani anasogeza kijiti juu ya ubao wenye majibu yameandikwa, na tundu linaingia penyewe kwenye fishi. Alianza kumfikiria mtu mwenye kujaza, si mwenye kusoma tu.

Sensa ya 1890 ndiyo ilimpa jina. Kila mtu wa Marekani alipata fishi yake yenye nafasi 288 za kutoboa. Kona moja ya fishi ilikatwa, ili ile yenye imegeuzwa ionekane mara moja. Karani aliiweka kwenye mashini, akashusha mkono wa chuma wenye sindano. Penye tundu, sindano ilipita ikagusa zebaki, umeme ukapita, na saa ya kuhesabu ikasonga hatua moja. Kengele ikilia, fishi imepokelewa. Isipolia, karani anaiweka kando, juu kuna kosa ndani yake. Kosa lilishikwa palepale, mbele ya kuingia katika jumla.

Kwa miezi michache tu ilijulikana kwamba Marekani ina watu zaidi ya milioni 62. Wengi walikasirika, juu walitazamia hesabu kubwa kuliko ile. Lakini inchi zingine ziliona faida: Austria na Canada zilichukua mashini zake, na Urusi ikazitumia kwa sensa ya 1897.

Hata hivyo, sensa inakuja mara moja kwa miaka 10, na Hollerith alikuwa na bibi na watoto wa kulisha. Akaenda kwa wafanyabiashara. Mwaka wa 1896 alianzisha kampuni yake, Tabulating Machine Company. Mteja wake mkubwa wa kwanza alikuwa kampuni ya reli ya New York Central, yenye ilishughulikia mamilioni ya karatasi za mizigo. Lakini mashini alizopeleka kwanza hazikukubaliwa. Kwenye sensa ilitosha kuongeza moja: mwanaume moja, mwanamke moja. Reli ilitaka kujumlisha kilo na pesa. Ilibidi aanze tena. Alipanga fishi kwa safu za tarakimu, tangu 0 mpaka 9: safu hizi za mahali mzigo ulitoka, hizi za mahali unaenda, hizi za uzito, hizi za bei. Akatengeneza mashini yenye kujumlisha, na safari hii reli ikakubali. Fishi nzuri ya kuhesabu watu haikuwa nzuri kwa biashara. Ilibidi kwanza ajue mwenye biashara anataka kujua nini.

Alikuwa pia mtu mgumu. Hakuuza mashini zake. Alizikodisha, na fishi zilinunuliwa kwake. Biro ya sensa ilichoka na bei, wakagombana, na kwa sensa ya 1910 serikali ilitumia mashini ilizojitengenezea. Mwaka wa 1911 Hollerith aliuza kampuni yake, ikaunganishwa na zingine, na tangu 1924 inaitwa IBM. Alikufa huko Washington tarehe 17 Novemba 1929.

Mambo aliyolazimika kujifunza bado yako kwenye kila fomu ya telefone: swali kuwa na mahali pake, tarakimu kutochanganywa na maneno, kosa kuonyeshwa mara moja, mkono wa mwenye kujaza usiumie. Kwa Kongo, yenye sensa yake ya mwisho ya wakaaji wote ilifanyika mwaka wa 1984, fomu ndogo kama hizo zinabeba mzigo mkubwa. Biashara ya mama wa butiki ikikosa mahali pake kwenye fomu, itakosa pia mahali kwenye mipango: barabara, mkopo, ao kodi ya haki. Fishi haiwezi kujibu swali lenye halikupewa tundu.