Deming: Mtoto wa mkulima aliyefundisha viwanda kumfuata mteja

MKULIMA wa mpunga wa Tindiga, wilayani Kilosa, anapotaka kununua pikapu ya mtumba kutoka Japani, kwanza huwauliza wenye magari ya aina hiyo. Linaharibika mara ngapi? Kinachokufa mapema ni kitu gani? Vipuri ni bei gani?

Maswali hayo, yakiulizwa kwa watu wengi na majibu yakahesabiwa vizuri, yamebadili biashara ya magari duniani. Mmoja wa waliofundisha namna ya kuuliza na kuhesabu alikuwa Mmarekani William Edwards Deming.

Deming alizaliwa Oktoba 14, 1900 mjini Sioux City, jimbo la Iowa. Angali mtoto, familia yake ilihamia Powell, jimbo la Wyoming, kulima shamba la ekari 40. Shamba hilo halikulipa. Mama yake alifundisha muziki, naye kijana akafanya vibarua, ikiwemo kuwasha taa za barabarani. Mwaka 1921 alihitimu uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Wyoming, na mwaka 1928 akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Yale.

Mwaka 1927 aliajiriwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani, katika maabara ya utafiti wa naitrojeni, kirutubisho kikuu cha mbolea. Miaka hiyo ndipo alipozama katika takwimu.

Kila mkulima anajua kwamba ploti mbili zenye mbegu moja na mbolea moja hazitoi mavuno sawa. Kazi ya takwimu ni kutenganisha tofauti ya bahati tu na tofauti yenye sababu. Deming alijifunza hilo kwa Walter Shewhart, aliyepima ubora wa bidhaa za viwandani. Mwaka 1936 alikwenda London kusoma kwa Ronald Fisher, bingwa wa majaribio ya mashambani.

Mwaka 1939 alihamia ofisi ya sensa. Katika sensa ya 1940, baadhi ya maswali yaliulizwa kwa asilimia 5 tu ya watu. Ilidhihirika kuwa wachache wakichaguliwa bila upendeleo, majibu yao yanawakilisha umma mzima.

Japani, iliyokuwa imeharibiwa na vita, ilimpokea mwaka 1947 kusaidia maandalizi ya sensa. Mwaka 1950 Umoja wa Wanasayansi na Wahandisi wa Japani ulimwalika kufundisha wahandisi na wakuu wa viwanda. Aliwaeleza kuwa kazi ya kiwanda haiishi bidhaa inapouzwa. Kiwanda kimfuate mteja, kiulize bidhaa imefanyaje kazi, kisha kirekebishe kinachofuata. Alikataa malipo ya kitabu cha mihadhara yake, na fedha hizo zikaanzisha Tuzo ya Deming mwaka 1951. Toyota iliipata mwaka 1965.

Kwao Marekani hakujulikana sana hadi mwaka 1980, alipoonyeshwa katika kipindi cha televisheni. Mwaka uliofuata Ford, iliyokuwa ikipata hasara kubwa, ilimwita.

Miaka hiyo Ford ilikuwa na giaboksi ya mchoro mmoja, nyingine zikitengenezwa na Ford yenyewe na nyingine na Mazda ya Japani. Wateja walizipenda zaidi za Mazda, na hazikurudishwa sana kwa matengenezo ya waranti. Zilipofunguliwa, vipande vya pande zote mbili vilikuwa ndani ya vipimo vilivyoruhusiwa. Ila vya Mazda vilikaribiana sana kwa ukubwa, vya Ford vikapishana zaidi. Kasoro ambayo ukaguzi wa kiwandani haukuiona ilionekana kwa wenye magari.

Deming alifariki Desemba 20, 1993 mjini Washington, akiwa na miaka 93, huku akiendelea kufundisha karibu hadi mwisho.

Leo kampuni ya J.D. Power, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1968, huwauliza maelfu ya wamiliki na kutoa hesabu ya matatizo kwa kila magari 100. Hesabu ya kwa kila 100 ndiyo inayomfaa pia mnunuzi wa kijijini.

Chukua mfano. Gereji imepokea pikapu 20 za aina ya kwanza na 5 za aina ya pili. Harakaharaka ya kwanza inaonekana mbovu. Lakini kama eneo hilo lina 100 za aina ya kwanza na 10 za aina ya pili, zilizoharibika ni 20 kwa kila 100 dhidi ya 50 kwa kila 100. Fundi huona magari mabovu tu. Yaliyo mazima yako barabarani.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa akiba ya misimu kadhaa, mnunuzi aulize wamiliki wengi, si rafiki mmoja wala dalali. Alinganishe magari ya umri mmoja na kazi moja, kwani linalobeba magunia ya mpunga kwenye tope haliwezi kupimwa na linalobeba abiria kwenye lami. Awaulize pia walioridhika, maana hao hawaonekani gereji.